Kadi ya Safu ya Tatu

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa, fundi wa sauti alisoma kadi moja ya maswali ya wasikilizaji mara mbili, kisha akaketi juu ya sanduku la nyaya.

Kadi iliandikwa kwa penseli: "Mnajiita watafuta ukweli. Mbona mmeweka mlio wa saa ya ukutani? Siku ile haikuwa na betri. Marehemu aliitoa akaitia kwenye rimoti ya televisheni."

Wenzake walimwita Masikio, na hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alihariri podikasti ya visa vya mauaji. Asubuhi nzima alikata na kuunga sauti za watu wanaolia, na mchana akala akashiba. Lakini mlio ule aliuweka yeye, kwa akili yake mwenyewe, ili chumba cha marehemu kitishe. Hakuna aliyewahi kumwambia lolote kuhusu saa ya ukutani.

Marehemu alikuwa mwalimu wa chekechea. Miaka minne iliyopita dada yake alimtembelea kwenye nyumba aliyopanga, akamwacha saa nane mchana, akarudi saa kumi na moja, akamkuta chini ya ngazi za nyuma, ameshapoa. Polisi waliandika kwamba aliteleza. Podikasti ilitilia shaka jambo hilo, na msanii mmoja wa kujitegemea akalitengenezea filamu. Leo watu sitini walikuja ukumbini kumhoji mtangazaji na mtengeneza filamu huyo, na hawakuja kubembeleza mtu. Nusu ya kwanza waliwabana hasa: nani aliwaruhusu kujipatia jina kwa msiba wa watu?

Mapumziko yalikuwa yamebakiza dakika saba. Masikio alimvuta dada wa marehemu koridoni, akamuuliza kuhusu saa ile.

"Nilipoondoka ilikuwa inatembea," dada alisema. "Niliitazama, nikamwambia mdogo wangu nimechelewa. Baada ya mazishi nikaitungua ukutani, nikakuta haina betri. Sijamwambia mtu. Kwani hilo nalo la kusemwa?"

"Na rimoti?"

"Rimoti ipi?"

Kengele ililia, dada akarudi kitini. Masikio alibaki koridoni akiisoma kadi tena. Aliyeandika kadi alimwona marehemu akitoa betri baada ya saa nane, na alikuwa humu ndani, labda anakunywa maji ya bure.

Kwanza alimshuku mtengeneza filamu, maana ndiye aliyepiga picha ndani ya chumba kile. Lakini alikifikia mwaka jana, kimeshapangishwa na kupakwa rangi upya, na wala hakupewa kadi. Ndipo Masikio akakumbuka utaratibu wa mama aliyepokea wageni mlangoni: alikusanya kadi safu kwa safu na kufunga kila safu kwa mpira wake, ili maswali yasitoke upande mmoja. Kadi hii ilitoka safu ya tatu. Safu ya familia.

Walikaa wanne pale: mama mzazi, dada, mume wa dada na aliyekuwa mchumba wa marehemu. Masikio alichungulia pazia. Kiti cha mchumba kilikuwa kitupu, akadhani mtu ametoroka. Akazirudia kadi. Zilikuwa tatu tu, kwa kuwa mama mzazi hakuja na miwani na alikataa yake. Ya kwanza iliuliza: "Faili la mdogo wangu litafunguliwa lini?" Ya pili iliuliza: "Nani aliwapa picha yetu ya uchumba?" Iliyobaki ilikuwa ya mume wa dada, ambaye aliwaandikia polisi kwamba siku ile hakukanyaga nyumba ile kabisa.

Alikuwa ameuweka mkono wake begani kwa mkewe.

Masikio alimwonyesha mtangazaji kadi ile, naye akapiga simu polisi. Wakasema dakika ishirini. Masikio aliogopa kumwita dada, asije mumewe akashtuka. Wakakubaliana wasome kadi ile kama nyingine zote, kwa kuwa desturi yao ilikuwa kumpa mwandishi wa swali kipaza sauti atetee hoja yake, na hakuna msikilizaji wa visa vya mauaji anayekataa kuwasahihisha.

Saa kumi na moja na dakika tano kadi ilisomwa. Mume wa dada alisimama akitabasamu. Alisema vipindi hivi ni uzushi mtupu, wanaopachika mlio watapachika na muuaji. Watu wakapiga makofi. Masikio alimshikia kipaza sauti.

"Ni kweli nilikosea," alisema. "Shemeji, habari ya rimoti uliipata wapi?"

"Mke wangu aliniambia."

"Sijakuambia," dada alisema. "Hata mimi nimeisikia leo."

Mchumba alikuwa amerudi kutoka kunawa uso, akasimama mlangoni. Mume alimtazama mkewe, na akasahau kwamba ameshikiwa kipaza sauti.

"Nilikwenda kumsihi tu," alisema. "Nilimsumbua sana mdogo wako, akasema jioni hiyo anakueleza yote. Akawasha televisheni kama vile mimi si mtu. Nilimfuata kwenye ngazi anisikilize. Nilimsukuma mara moja."

Dada aliinuka taratibu, akamshika mama yake, wakasogea hadi ukutani. Masikio hakuondoka. Aliogopa, lakini alibaki kati yao na mtu yule hadi polisi walipoingia saa kumi na moja na dakika kumi na nane.

Walipomtoa, dada alimfuata Masikio. "Imerekodiwa yote?"

"Yote. Lakini hatutoi kitu mpaka useme."

"Binti yangu ana miaka tisa. Nimemwachia simu nyumbani. Hufuatilia kila linalosemwa kuhusu mama yake mdogo."

Masikio alitaka kumtuliza, akageuka kuutazama ukumbi. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti, simu mikononi, wengine wanatuma video mtandaoni. Dada naye aliwaona. Aliacha mkoba wake pale pale akaanza kukimbia kwenda kwa binti yake.