Ngao ya Ijumaa

Mwili wa Hamisi Likungwa ulikuwa wa manjano kuanzia nywele hadi kucha, isipokuwa sehemu mbili. Kisogo kilikuwa chekundu. Na dole gumba la mkono wa kulia lilikuwa safi kabisa.

Inspekta Yustina Rwegoshora alichuchumaa, akalitazama lile dole kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jeraha. Jeraha lilijieleza lenyewe. Mchi wa kinu ulikuwa pale pale kando ya mkeka, una damu na nywele. Dole gumba ndilo lililomkera.

"Hii rangi ni nini?"

"Salfa, afande," alijibu Koplo Idrisa Nampoto, mzaliwa wa huku huku. "Unga wa kupulizia mikorosho. Mwezi huu wa saba, kijiji kizima cha Mahurunga ni cha manjano."

"Sasa kwa nini dole moja halina?"

 Yustina alimwambia mpiga picha apige picha lile dole mara tatu, kisha akaagiza viganja vyote viwili vifungwe kwenye mifuko ya karatasi kabla mwili haujahamishwa.

Salma, mke wa marehemu, alikuwa barazani kwa jirani, kashikiliwa na wanawake wawili. Alitoka kwenye mashine ya kusaga saa saba na nusu mchana, akamkuta mumewe vile.

"Asubuhi alikwenda wapi?"

"Shambani. Bomba la kupulizia salfa lilikuwa linamsumbua, najua ndilo lililomchelewesha. Angeoga haraka awahi sala ya Ijumaa."

"Kuna kilichopotea?"

"Simu. Vingine vyote vipo, redio, mzigo wa salfa. Simu tu."

"Aliichukua shambani?"

"Haendi nayo wakati wa salfa, unga unaingia simu inakufa. Na msikitini vile vile haendi nayo. Ijumaa inashinda pale dirishani kwenye chaji." Alifuta pua kwa upindo wa khanga. "Wamechukua mji wake, mama."

"Mji?"

"Wa kwenye mchezo. Mahurunga Mpya. Miaka minne anaujenga. Nikawa namwambia, we baba, jenga choo kwanza."

Akacheka, Salma yule, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na Yustina akafunga daftari. Kuna maswali ambayo hata polisi anaona aibu kuyauliza wakati huo.

Mchezo wenyewe uliitwa Ngome Elfu. Unaingia kwa simu, unapewa kiwanja, unajenga kuta, ghala na kambi ya askari. Ukikua unawindwa. Mji ukiwekewa ngao, adui hauingii. Ngao ikiondolewa, ni vita mpaka majivu. Ndiyo maana watu hujiunga makundi wakalindana.

Kundi la akina Hamisi lilikuwa na watu arobaini. Nusu walikuwa Waislamu wa Mtwara na vijiji vyake, nusu Wakristo waliokuja kikazi: walimu, makarani, watu wa bandarini. Nao walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna aliyewafundisha. Ijumaa mchana Wakristo walishika zamu ya kulinda miji ya Waislamu. Jumapili asubuhi Waislamu walilinda ya Wakristo. Mlinzi hupewa neno la siri la mji anaoulinda, aingie kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Kwa miaka mitatu hakuna mji wao hata mmoja ulioanguka watu wakiwa kwenye ibada, na walijivunia jambo hilo kuliko walivyokuwa tayari kukiri.

Ijumaa hii ndiyo iliyovunja rekodi. Saa saba kasoro dakika kumi ngao ya Mahurunga Mpya iliondolewa. Saa saba na robo mji ulikuwa majivu. Zamu ilikuwa ya Yohana Mwakalobo, mpakia mizigo bandarini, mkazi wa Mtawanya. Kabla jua halijazama alikuwa mahabusu.

Jumamosi saa mbili asubuhi aliletwa mezani kwa Yustina, macho yamevimba.

"Juzi Alhamisi ulikuwa Mahurunga."

"Nilikuwepo, afande."

"Majirani walikusikia ukipiga kelele: 'Hamisi, nitakukomesha!'"

"Nilisema. Lakini ni maneno tu. Tuligombana juu ya mbao na mawe ya ghala la kundi, kule mchezoni. Alitaka kumpa mtu mzigo mzima. Mimi nikakataa."

"Kumpa nani?"

"Alinificha. Akasema utajua Ijumaa baada ya sala, utanishukuru."

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Umeme ulikatika, simu ikazima. Iliporudi nikakuta mji umeshaungua." Akaweka paji la uso kwenye meza. "Nilipewa nilinde, afande. Nikashindwa hata hilo."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, mkewe Glory alikaa na chakula kilichofungwa kwenye kitambaa. Tumbo lilikuwa la miezi minane. Hakulia wala kumsumbua mtu. Kila askari aliyepita, Glory alimuuliza swali moja, kwa adabu, kama aliyepita kabla yake hakulijibu: "Atatoka lini?"

Na jibu lilikuwa baya. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu akishasomewa shitaka, anaweza kukaa rumande mpaka mtoto aanze kutembea. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alitaka jalada mezani kwake Jumatatu saa mbili.

"Ana neno la siri, alimtishia marehemu, na hana shahidi wa alipokuwa," mkuu alisema. "Unataka nini tena, Yustina?"

"Dole gumba, afande."

"Dole gani?"

"Nipe mpaka kesho."

Yustina alikuwa na ubishi wa kuzaliwa nao, na wenzake walishachoka kuuhesabu kama kasoro. Alimwita Koplo Idrisa, wakasimama kivulini nyuma ya kituo.

"Idrisa, wewe ndiye Yohana. Unataka kuuangusha mji wa Hamisi. Utafanyaje?"

"Naingia kwa neno la siri, naondoa ngao."

"Ukiwa wapi?"

"Popote. Hata kitandani kwangu Mtawanya."

"Sasa ya nini uende Mahurunga kuiba simu ya mtu?"

"Siendi, afande," alisema Koplo.

"Aliyeiba simu ni yule asiyekuwa na neno la siri," Yustina alisema. "Alihitaji simu yenyewe. Na simu ilifunguka kwa kitu gani? Kwa dole gumba la mwenyewe. Lakini dole limejaa salfa, simu hailitambui. Akalifuta. Mtu ameshakufa, yeye anamfuta dole."

Koplo alitema mate pembeni. "Huyo si binadamu."

"Ni binadamu anayejua kuwa Ijumaa simu inabaki dirishani, na mwenye simu yuko msikitini. Hakutegemea kumkuta. Ni mtu wa kundi lile. Wangapi wanaishi Mahurunga?"

Koplo alitoa orodha waliyoandikiwa na Yohana. Wengi walikuwa wa mjini, sita wa Mikindani. Mahurunga ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la marehemu.

Abdallah Mchopa aliwapokea vizuri, akawatolea viti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mgongo mbovu tangu alipoanguka na gunia la korosho ghalani, miaka mitano iliyopita. Tangu hapo hakulima wala kubeba. Dada yake ndiye aliyemlisha.

"Hamisi alikuwa ndugu yangu," alisema. "Tumeanza mchezo ule pamoja. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Na mji wako wewe?"

"Uliungua mwezi wa tatu. Mambo ya kawaida."

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Msikitini, mama. Ijumaa niwe wapi tena?"

"Hotuba ilihusu nini?"

"Haki za jirani." Hakusita hata kidogo. "Imamu alisema sana juu ya wanaosogeza mipaka ya mashamba."

Ilikuwa kweli, Koplo alishauliza. Lakini hotuba ya Mahurunga hutoka kwenye vipaza sauti viwili, na hata mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wameisikia.

"Ulikaa karibu na nani?"

"Nje, barazani. Nilichelewa, kulijaa. Sikuangalia watu."

Yustina aliacha kuandika. Alikuwa anatazama uani. Kwenye kamba kulikuwa na kanzu nyeupe moja, imekauka, inapigwa na upepo. Koplo Idrisa naye aliiona, na ndiye aliyeshtuka kwanza.

"Afande," alinong'ona, "kanzu ya Ijumaa inafuliwa kabla ya Ijumaa. Mtu haivai mara moja akakimbilia kuifua. Nyumba hii hakuna wa kufua hovyo, maji yanafuatwa mbali."

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa awe shahidi wa upekuzi. Yustina alivaa glavu, akaigeuza mifuko ya kanzu nje. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimesuguliwa kwa sabuni ya kutosha. Lakini kwenye mshono wa mfuko wa kulia, chini kabisa, palikuwa na mstari mwembamba wa manjano.

"Salfa haiyeyuki kwenye maji," alisema Koplo. "Mama yangu amefua nguo zetu miaka yote, inabaki kwenye mishono."

"Kijiji kizima kina salfa!" Abdallah alisimama haraka mno kwa mtu mwenye mgongo mbovu. "Mikorosho imetuzunguka!"

"Kweli kabisa," Yustina alimjibu kwa upole. "Lakini wewe huna shamba, na bomba huwezi kulibeba. Na hakuna mtu anayepuliza mikorosho kwa kanzu. Ulioga?"

"Nilioga."

"Ulitawadha?"

"Nilitawadha."

"Ukavaa kanzu safi, ukaenda kuswali, ukarudi. Basi nieleze, bwana Abdallah. Salfa imeingia mfukoni mwako njia gani?"

Abdallah alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama chini.

Ndani, kwenye gunia la makopa, katikati ya mihogo mikavu, mkono wa Koplo ulikuta simu iliyozimwa. Ilikuwa imefungwa ndani ya leso yenye madoa ya manjano.

Kituoni Yustina alimsomea haki zake. Halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Alitaka ndugu au wakili awepo?

"Dada asinione hivi," Abdallah alisema. "Andika tu."

"Kazi yako?"

Alikawia sana kwenye swali hilo kuliko mengine yote. "Sina."

Kisha akaanza mwenyewe.

"Huku nje, mama, mimi ni mtu wa kutumwa chumvi. Watoto wa dada wananipita kama sipo. Kule ndani nilikuwa Jemedari. Watu arobaini! Walimu, makarani, wananiuliza, Jemedari, tushambulie wapi? Jemedari, tulinde nani? Mwezi wa tatu tulivamiwa miji miwili kwa pamoja, wangu na wa mwalimu mmoja wa Mikindani. Askari hawakutosha. Hamisi ndiye aliyekuwa zamu. Akawapeleka kwa mwalimu. Wangu akauacha uungue."

"Alikueleza sababu?"

"Alisema mwalimu ni mgeni, atakata tamaa. Mimi ni ndugu, nitaelewa." Alitikisa kichwa. "Sikuelewa. Kundi likamfanya yeye Jemedari. Mimi nikarudi kuwa mtu wa chumvi, ndani na nje."

"Endelea."

"Nilitaka aonje tu. Nikawaambia maadui, Ijumaa saa saba kasoro lango litakuwa wazi. Nikachukua simu. Namba ya kuifungulia niliyoijua alikuwa ameibadilisha. Niko pale najaribu namba, mlango ukafunguka. Hamisi, manjano mwili mzima, kachelewa sala kwa ajili ya bomba. Akaona simu mkononi, akaelewa."

"Alikupiga?"

"Angenipiga ningemsamehe. Alicheka. Akasema, 'Abdallah, si mchezo tu?' Akageuka achukue maji ya kuoga. Mchi ulikuwa karibu." Sauti ilimshuka. "Kisha nikaona nimeshaua, nisipomaliza nilichofuata, nimeua kwa ajili ya nini? Nikamfuta dole."

Yustina aliandika mpaka neno la mwisho. 

Saa kumi jioni Yohana aliachiwa. Kabla ya kutoka, Yustina alimwomba aingie kwenye mchezo kwa neno la siri alilopewa, kumbukumbu za tukio ziingie kwenye jalada. Yohana alifungua kwa simu yake, akateremsha kidole taratibu, akasimama.

"Afande. Huyu hapa mtu wa mbao na mawe."

Kulikuwa na msafara uliopangwa na Hamisi Alhamisi usiku, utoke ghala la kundi, mle mjini mwake, Ijumaa saa nane mchana. Mbao, mawe, nafaka, na askari elfu tatu. Ulikuwa unakwenda kwenye magofu ya Abdallah. Chini yake ujumbe: "Ndugu yangu, jenga tena. Nilikukosea. Ukimaliza, kundi ni lako, mimi nitasimama langoni. Jemedari ni wewe."

Yustina alifikiri kidogo. Kisha akaichukua ile simu, akaenda nayo hadi kwenye meza aliyokaa Abdallah, akamwekea mbele.

Abdallah alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza.

"Msafara ulitoka?" aliuliza.

"Haukutoka," Yohana alijibu kutoka mlangoni. "Ulikuwa bado ghalani. Ulipoondoa ngao, uliungua na mji."

 Yohana akaenda mapokezi, na sauti ya Glory ikapanda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, inasema "Jamani, jamani," hivyo tu, mara nyingi.

Koplo Idrisa alileta kidau cha wino. Abdallah alitia saini kila ukurasa, kisha akaambiwa aweke dole gumba la kulia. Aliliweka. Alipolinyanyua lilikuwa jeusi, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta leso.

Leso ilikuwa mbele yake mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo, namba tatu. Akabaki kalishika lile dole kwa mkono mwingine, hajui pa kulifutia.