Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama Sindano alipofunika cherehani yake, akachukua mezani bahasha yenye picha ya zamani na kutoka kwenda kwa fundi wa bunduki. Jina la Sindano alipewa na wateja, na wala si kwa ushonaji. Ni kwa ulimi. Bibi harusi akija kulalamika kwamba gauni linambana, Sindano humwambia gauni halikwenda mahali, kilichohama ni kiuno.

Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito. Nyumbani alikuwa amemwacha mdogo wake, Kitinda, amelala kiubavu, na begani pake pana doa jeusi la mviringo. Halikutoa damu. Halikutoa usaha. Lilikuwa linazama tu, kila siku kidogo, kama kidole kinavyozama kwenye udongo mbichi. Hospitali walilipiga picha, wakalipaka dawa, wakatazamana, wakasema arudi baada ya wiki.

Kaka yao mkubwa alianza vivyo hivyo. Dada yao naye. Wote wawili wako chini ya ardhi. Na chumba cha Kitinda kilianza kunuka baruti, katika nyumba ambayo haijawahi kuingia hata fataki.

Basi sikilizeni chanzo chake.

Baba yao alikuwa mbeba bunduki wa wageni waliokuja kuwinda wanyama wakubwa. Mama yao alifua nguo za kambi hiyo, na watoto wanne wakalelewa katikati ya mahema. Siku moja jioni, mgeni mmoja alisikia nyasi zinatikisika. Hakuuliza. Akafyatua. Hakuwa nyati. Alikuwa mbeba maji wa kambi, anarudi kutoka mtoni na ndoo yake. Walimzika usiku huohuo, bila jiwe, bila neno. Asubuhi yake mgeni alitaka picha ya kumbukumbu, wakapanga mstari wote, watoto mbele, bunduki mapajani mwa mgeni. Ndugu wa marehemu walipokuja kumuulizia, aliyewajibu ni baba. Aliwaambia, "Ameacha kazi. Amekwenda mjini."

Hayo baba aliyasema siku anakata roho, maana waoga wengi husubiri siku hiyo. Aina ya bunduki hakuisema.

Na hilo ndilo lililomtoa Sindano nyumbani. Bibi mganga wa mtaa wa nyuma, kikongwe asiyecheka wala kupokea soga, alikuwa amenusa lile doa akarudisha kichwa.

"Huyu marehemu hana macho," alisema. "Ana pua. Mtafutieni risasi ya aina ileile iliyomuua. Izikwe chini ya kizingiti, na umwambie, hii ndiyo yako, tunakiri. Atachukua yake aende. Lakini ukimpa ya bunduki nyingine, umemdanganya mara ya pili. Na nyumba haipewi nafasi mbili."

Fundi wa bunduki alikuwa anafunga. Chumba chake kilikuwa chembamba kama koo, meza yenye jiliwa la kubania vyuma upande mmoja, makopo ya mafuta upande wa pili. Alimtazama Sindano mlangoni akafuta mikono.

"Mama, kama unataka ya kumtishia mume, sikodishi."

"Mume wangu alikufa mwenyewe. Hakuhitaji msaada."

Fundi akacheka, akapokea picha, akaiweka chini ya taa. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe juu ya bunduki pale pichani, kikasukuma. Halafu akajicheka.

"Mazoea hayo. Bunduki yoyote ikifika mkononi mwangu, kwanza naifungua nione kama ni tupu. Hii siwezi kuifungua." Akaondoa kidole pichani. "Na nisiyoweza kuifungua, naihesabu ina risasi."

Sindano hakupenda maneno hayo. Akavuta kigoda akakaa.

Fundi alitia kioo cha kukuzia jichoni. Alipita na kitako, akapita na mtutu, akasimama kwenye pete ya mkanda. Alinong'ona peke yake kama mtu anayesoma barua ya mwanamke. Mwishowe akagonga picha kwa ukucha.

"Tazama hapa. Hiki kipini cha komeo, anachokivuta kupakia. Kiko wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto. Huyo mgeni wenu alikuwa anatumia mkono wa kushoto?"

"Nilikuwa mtoto. Nilikuwa namwogopa uso, mkono sikuutazama."

"Basi picha imekujibia. Ingekuwa kipini kiko kulia, ningekwambia bila kusita ni ile ya risasi nene, ya tembo. Miili ya bunduki hizo mbili inafanana kama mapacha. Lakini za mkono wa kushoto nilizowahi kushika, na hazikuwa nyingi, zote zilikula risasi hii." Alifukua kopo la vyuma vya zamani, akatoa risasi ndefu, nyembamba, iliyoota kutu ya kijani. "Baruti yake imeoza zamani. Haimuui hata nzi."

"Una hakika, fundi? Kuna roho ya mtu hapa."

"Mama, mimi sijui mengi. Sijui hata mke wangu alinipendea nini. Lakini bunduki nazijua."

Sindano akaifunga risasi kwenye pindo la kanga, akashukuru, akatoka.

Taa za barabarani zilikuwa hazijawaka. Watu walikuwa wanaingia majumbani, milango inafungwa, redio zinasikika nyuma ya mapazia. Alikata kona ya ghala la mbao.

Hapo ndipo aliposikia.

Maji... Maji yanacheza ndani ya ndoo. Yanagonga ukingo, yanarudi. Yanagonga, yanarudi. Kama yanavyofanya mtu anapotembea na ndoo iliyojaa, anajitahidi isimwagike.

Alisema moyoni, watu wanateka maji, kuna ajabu gani. Akaongeza mwendo. Ndoo nayo ikaongeza. Barabara ile ni saruji tupu, haina hata jani, lakini harufu iliyomfikia ilikuwa ya nyasi ndefu zilizokanyagwa. Nyasi, na nyuma yake, baruti.

Hakugeuka. Aliwahi kusikia kwamba anayegeuka ndiye anayekaribisha. Aliishika risasi pindoni na kusema kwa sauti ndogo, "Nimekuletea. Ngoja basi. Nimekuletea."

Ndoo ikatulia.

Nyumbani alichimba chini ya kizingiti kwa kisu cha jikoni, akatia ile risasi, akasema maneno aliyofundishwa. Hii ndiyo yako. Tunakiri. Akafukia, akashindilia kwa kisigino. Alipoingia chumbani, Kitinda alikuwa ameketi.

"Dada, kuna chai?"

Sindano akakung'uta udongo mikononi. "Siku zote hizi unanilaza macho, leo unadai chai kama mkwe?"

"Na sukari usiibanie."

Akamtazama bega. Doa lilikuwa limepanda, limekuwa karibu sawa na ngozi. Harufu imekwisha. Kitinda alikunywa kikombe kizima, akasema kesho anataka akanyolewe, ndevu zinamfanya aonekane mfungwa. Sindano akacheka mpaka akajifuta macho, mwanamke ambaye hata msibani kwa mumewe alikuwa anakagua mishono ya waombolezaji. Alirudi sebuleni. Akatoa picha kwenye bahasha airudishe ukutani, mahali ilipokaa tangu mama yao alipokuwa hai.

Na kwa kuwa alikuwa ameridhika, kwa mara ya kwanza hakutazama bunduki. Alimtazama baba.

Baba alikuwa amevaa shati jeupe. Shati lile alishona mama, kwa mkono, na ni kwa shati lile Sindano alifundishwa kushona. Kola ndiyo ile. Mfuko ndio ule.

Vifungo vilikuwa upande wa kike.

Alifikiri macho yamechoka. Akasogea kwenye taa. Shati la mwanamume vifungo hukaa kuliani kwa anayelivaa. Mama yake hakuwahi kukosea hilo maisha yake yote. Alimpiga Sindano kwa rula kwa kukosea hilo. Na hapa vifungo vya baba viko kushotoni. Vya mgeni navyo viko kushotoni. Mfuko wa baba uko kulia.

Akavipitia kwa kidole, kimoja kimoja.

Mtu hafungi vifungo upande wa kike kwa bahati mbaya. Na si wanaume wawili, kambi moja, siku moja.

Picha ilikuwa imegeuzwa.

Yeye na fundi waliitazama ile bunduki mpaka basi, kila mmoja na utaalamu wake, na fundi wa nguo hakutazama nguo. Aliichukua picha akaenda nayo kwenye kioo cha kupimishia wateja. Akaielekeza kiooni. Humo vifungo vikakaa sawa. Kipini cha komeo kikahamia kulia, kulia kabisa, mahali pake. Bunduki ya risasi nene.

Ila humo kiooni nyuma ya baba, kwenye nyasi, alisimama mtu mmoja zaidi.

Akaitazama picha mkononi. Nyasi tupu. Akatazama kioo. Mtu yupo, ndoo mkononi. Wenzake wote wanaitazama kamera. Yeye anatazama visogo vya watoto.

Kutoka mlangoni, maji yakagonga ukingo wa ndoo.

"Dada..." Kitinda alinong'ona kutoka chumbani. "Umemfungulia nani?"

Sindano akakimbilia kizingiti, akaanguka magoti, akafukua kwa kucha. Aitoe tu ile risasi. Aitoe kabla haijanuswa. Udongo alioushindilia kwa kisigino ulikuwa laini, ukaanguka ndani wenyewe.

Shimo lilikuwa limejaa maji.

Alitia mkono mpaka kiwiko. Alikuwa amechimba shimo la kina cha kiganja, na mkono ukazama mpaka kiwiko, na chini hakukuwa na risasi wala chini yenyewe. Maji yalikuwa baridi ya mto. Nyumba nzima ikanuka baruti.

Alipofika chumbani Kitinda alikuwa amelala chali, macho wazi, anasikiliza kitu kilicho karibu sana na sikio lake.

"Kitinda. Nitazame mimi."

"Anasema hakuacha kazi, dada."

"Usimsikilize. Nitazame."

"Anasema... hakwenda mjini."

Kisha bega likaruka mara moja, kama bega la mtu aliyepigwa kwa nyuma. Mlio haukusikika. Majirani waliulizwa baadaye, wote walisema jioni ilikuwa shwari. Godoro lilikuwa limelowa, na lililolowesha lilikuwa maji, maji matupu yenye vipande vya majani.

Baada ya mazishi Sindano alirudi kwa fundi wa bunduki. Hakwenda kumlaumu. Alimwekea picha mezani, akamwonyesha vifungo. Yule mwanamume alivitazama kwa muda mrefu, akavua kioo jichoni.

"Waliochapa waliiweka filamu kinyume," alisema. "Hutokea. Mama, sikutazama shati."

"Hata mimi."

"Ilikuwa hivi tangu zamani?"

Na hapo ndipo alipokwama. Picha ile aliiona ukutani utoto wake wote, ujana wake wote. Alijaribu kukumbuka baba alisimama upande gani pichani. Wakati mwingine alimwona kulia. Wakati mwingine kushoto. Mtu aliyelelewa kwa rula ya vifungo, aliishi na shati lile mbele ya macho yake miaka yote hiyo, na asilione? Ama picha ilichapwa kinyume tangu mwanzo, ama iligeuka siku ilipotakiwa kusema kweli. Hajui. Hata mimi sijui, na anayesema anajua muulizeni anauza nini.

Fundi alifukua kopo lingine, akampa risasi nyingine. Nene, nzito, inajaza kiganja. Hakutania. Sindano akaipeleka moja kwa moja kwa bibi mganga. Kikongwe akafungua mlango kiasi cha jicho moja.

"Nimeipata yenyewe," Sindano alisema.

"Nimeinusa tangu ulipokata kona."

"Basi nifundishe."

"Nilikwambia nafasi ni moja."

"Bibi, nimebaki mimi peke yangu."

"Najua," alisema bibi, akarudisha mlango taratibu, bila hasira, kama mtu anayefunika chungu.

Sindano anashona mpaka leo. Wateja wanasema ulimi umepoa, na wengine wanasema ni heri. Juzi jirani mmoja alikuja kupunguziwa sketi, akamtazama wakati anapima.

"Fundi, gauni lako lina tundu begani."

"Panya."

"Na la juzi lilikuwa na tundu. Palepale."

"Panya wangu ana mahali pake."

Jirani akasogea, akaligusa lile tundu. Dogo, la mviringo. Kingo zake zilikuwa nyeusi, ngumu.

"Panya gani anayeunguza?"

Sindano akamaliza kupima. Alitoa pini mdomoni, akamwomba arudi kesho achukue sketi yake. Alipobaki peke yake alivua lile gauni, akakata kitambaa, akatia kiraka kizuri, mishono midogo isiyoonekana. Anatia kila jioni. Kila asubuhi tundu liko katikati ya kiraka.

Leo hakutia. Alikaa mbele ya cherehani, uzi umeshapita kwenye tundu la sindano, akawa anasikiliza maji.