Madigadi ya Kulia

Jioni ile nilitoka kwenda kununua msasa. Karatasi sita tu na kopo moja la tina ya kuzimulia rangi, vitu ambavyo nimevinunua maisha yangu yote. Muuza duka alinitania, "Mzee, si ulituaga? Ulistaafu au ulitudanganya?" Nikacheka naye kidogo. Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mtaa mzima wanasema nikishapitisha mkono wangu juu ya bati, gari linasahau kama liliwahi kugongwa.

Waache waseme. Bati halisahau, na sisi tunaolipiga tunalijua hilo.

Nyumbani kwangu, uani nyuma ya jiko, kulikuwa na gari la marehemu kaka yangu. Gari la michezo, milango miwili, pua ndefu, limelala chini kiasi kwamba ukiingia ni kama umekaa sakafuni. Enzi zetu lilipopita barabarani watu wazima walisimama kulitazama. Sasa lilikuwa limekaa miaka thelathini na moja chini ya turubai kwa kaka. Panya walikuwa wamezaa kwenye viti, na upande wa abiria sakafu ilikuwa imeoza hadi unaiona ardhi.

Kaka alipofariki, mjane wake alipata mnunuzi, bwana mmoja mpenzi wa magari ya kale. Angelipeleka kwa mafundi wake. Na fundi mwenye akili huanza na sumaku. Huizungushia kitambaa ili isichubue rangi, akaipitisha juu ya bodi, na mahali isiponata anajua pale pana puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, hapana bati. Kwenye madigadi ya kulia ya gari lile, bati linalofunika gurudumu la mbele, sumaku ingedondoka chini.

Puti ile niliijaza mimi.

Basi nikamwambia mjane asiuze kwanza. Nikasema nitalifufua mwenyewe, nyumbani kwangu, kwa kumkumbuka kaka. Mke wangu alinishika mkono mbele za watu akasema, "Una utu, baba watoto." Nikainamisha macho, wakadhani ni huzuni.

Niseme mapema nilichokuwa nakiogopa. Polisi? Aliyetenda ameshazikwa. Nilimwogopa mtu mmoja tu duniani, naye ni mke wangu. Niliogopa siku atakayojua.

Miaka thelathini na moja iliyopita kaka aliingia gereji kwangu na gari hilo, giza likianza kushuka. Taa ya kulia ilikuwa imepasuka, madigadi imebonyea ndani. "Nimegonga ndama," aliniambia. "Ninyooshee leo leo." Alikuwa hanitazami. Nilipoinama, nikakuta kifungo kimekwama kwenye ukingo wa taa. Kifungo cheupe cha gauni, bado kina uzi wa bluu.

Ndama havai kifungo.

Nilikitupa kwenye mtaro wa maji machafu. Sasa, bati lililobonyea vile hupigwa kwa nyuma: nyundo upande huu, chuma cha kukingia upande ule, taratibu, hadi lirudi mahali pake. Hata anayejifunza kazi anajua. Lakini mimi sikuweza kuupeleka mkono wangu kule nyuma. Nilijaza puti, unene wa kidole gumba, nikasugua, nikapiga rangi. Nikajiambia damu ni nzito kuliko maji. Nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite.

Siku nne baadaye alikuja msichana kuniomba ukuta wa kubandika tangazo. Dada yake alitoka kazini jioni, hakufika nyumbani. Kulikuwa na picha, na chini ya picha wameandika: amevaa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe.

Nilimshikia kopo la gundi.

Miaka miwili baadaye nilimwoa.

Usiniulize kwa nini, nimejiuliza vya kutosha. Ilianza huruma, ikaja hofu, mwisho yakaja mapenzi ya kweli, vikachanganyika kama puti na dawa yake ya kugandisha. Vikishaganda hutenganishi tena. Mama mkwe wangu alikufa akiulizia mtoto wake mkubwa. Mke wangu mpaka leo haweki komeo mlango wa uani kabla ya kulala, kwa sababu dada yake aliondoka bila ufunguo. Na kaka yangu alikuwa akija nyumbani kwetu sikukuu zote, anakula, anasifia mapishi. Hakuwahi kulitaja lile gari. Nami sikuwahi kumuuliza.

Sasa turudi kwenye ile jioni ya msasa. Mchana wake nilikuwa nimeing'oa puti yote. Safari hii nilipiga bati kwa nyuma, kiungwana, saa nne nzima, hadi likanyooka. Nilifumba macho nikapitisha kiganja kama tunavyopima. Laini. Nikapumua. Nikasema kesho rangi, keshokutwa lirudi kwa mjane, na siri ife.

Niliporudi kutoka dukani nilitua vitu vyangu, nikapeleka mkono bila hata kutazama.

Mkono ukazama.

Bati lilikuwa limebonyea. Palepale, vilevile. Juu palikuwa na mviringo mdogo, katikati pameinuka kidogo, chini pana mviringo mpana zaidi. Bega... mgongo... nyonga. Miaka ile sikuliona umbo hilo kwa sababu sikutaka kuliona.

Nilijitia hamnazo. Nikasema ni uzee, nimeota mchana. Kesho yake nikapiga tena. Jua lilipoanza kuzama nilikuwa nimesimama mbele yake, sikupepesa jicho. Nikasikia *to*. Sauti ndogo, kama kifuniko cha sufuria kinapopoa.

To... to...

Bati likajirudisha ndani lenyewe, polepole, kama godoro linapokaliwa na mtu. Nililigusa. Lilikuwa na joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Na hewani, katikati ya harufu ya tina na kutu, kulikuwa na harufu ya mafuta ya waridi.

Usiku ule mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia meno.

Siku ya tatu nikafanya kile ambacho mwoga hufanya mara ya pili. Nilichanganya puti. Nikasema kama bati halitaki kunyooka, basi nitalifunika tena, nene kuliko mwanzo, na nitamwambia mjane gari limeoza, lisagwe kuwa chuma chakavu. Jua lilikuwa linazama. Puti ikishachanganywa haisubiri mtu, una dakika chache tu. Niliichota, nikainua mkono...

"Shemeji."

Nyuma yangu. Kwa kunong'ona.

Shemeji wa kike aliye hai ni mjane wa kaka tu, na ile haikuwa sauti yake. Mke wangu alikuwa na dada mmoja tu, na tulipooana dada huyo alikuwa ameshapotea miaka miwili.

"Shemeji... hata salamu?"

Niligeuka. Alisimama karibu na ukuta, msichana wa miaka ishirini na kitu, gauni la bluu, mkoba begani kama mtu anayetoka kazini. Vifungo vyeupe vilishuka kifuani kwa mstari. Kimoja hakikuwepo.

"Usinifukie tena," alisema.

"Sikukugonga mimi," nilisema. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwake. Hata leo naona aibu.

"Najua. Wewe ulinifunika." Alilielekeza jicho lake kwenye madigadi. "Sina mahali pengine. Hapo tu. Niitie mdogo wangu aje anione."

"Chochote kingine. Nakuomba. Mke wangu muache."

"Mke wako..." Alirudia maneno hayo taratibu, kama anayeonja chakula kilicholala. Kisha akauliza, "Kifungo changu umekiweka wapi, shemeji?"

Puti ilikuwa inaanza kuganda. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamgeuzia mgongo nikapaka. Nilipaka huku ananitazama. Nilijaza bega, nikajaza mgongo, nikajaza nyonga, jasho linanitoka. Nilipomaliza niliweka kiganja juu yake kusawazisha.

Puti ikapanda.

Ikashuka.

Ikapanda...

Ilikuwa inapumua.

Nilipiga ukelele. Mlango wa jikoni ukafunguka, mke wangu akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Unaongea na nani?"

Ukutani hapakuwa na mtu. "Redio," nikasema.

"Redio ipo chumbani, baba watoto. Imezimwa." Akanusa. Akasimama. Akanusa tena, na uso wake ukabadilika, ukawa wa kitoto. "Haya mafuta... haya siku hizi hayauzwi." Alikitua kikombe chini bila kutazama anakiweka wapi. "Nani amepaka haya mafuta?"

Kabla sijapata uongo wa kumpa, puti yote ilibanduka. Ilianguka kipande kimoja, ikavunjika miguuni pake.

Aliitazama ile sehemu iliyobonyea. Akapeleka mkono. Alianza na bega, akashuka polepole, vidole vinapapasa kama vya kipofu. Nilitaka kumwambia usiguse, bati linakata. Kisha akageuka, akajiegemeza humo kwa mgongo, akafumba macho. Alienea. Ilibaki nafasi kidogo juu ya bega, kwa sababu dada yake alimzidi urefu kidogo.

"Nimelala kitanda kimoja na mgongo huu tangu nikiwa mtoto," alisema. "Naujua kuliko wangu."

"Kaka aliniambia ni ndama."

"Sijauliza kaka yako alisema nini. Wewe ulijua?"

Nikatazama vipande vya puti miguuni pake.

"Ulijua lini?"

"Siku uliyokuja kubandika picha."

Alifumbua macho. "Ina maana kabla hata hujanijibu salamu."

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui. Kaka hakusema... na mimi sikumuuliza."

"Miaka thelathini na moja hukumuuliza." Hakupaza sauti. Ningepona angenipigia kelele. "Mimi nilimlilia kaka yako. Pale kaburini nilianguka, watu wakaninyanyua. Wewe ulikuwa umesimama pembeni unaniangalia."

Nilipiga magoti kwenye vipande vya puti. Nikamwambia nilimpenda, nikamwambia kila siku ya ndoa yetu ilikuwa ya kweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniambia niondoe nyundo zangu pale, na nisiliguse tena gari lile.

Sasa ni miezi mitano. Hajaondoka nyumbani. Wanangu wanaotupigia simu hawajui kitu, anaongea nao vizuri tu. Anapika, ananiwekea sahani mezani, anatoka chumbani ninapoingia. Mjane wa kaka alikuja kulitazama gari, mke wangu akampokea vizuri, akamwambia kazi bado, na asiwe na haraka.

Na jua likianza kuzama, kila siku, anachukua shuka, anakwenda kukaa ndani ya gari, kiti cha abiria, na mlango anaufunga. Mimi hukaa kizingitini mwa jiko. Nasikia sauti mbili. Mara nyingi ni mambo ya wasichana: nani alivunja kikombe cha mama, nani alimsingizia nani. Wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, sijawahi kumsikia mke wangu akicheka hivyo.

Nani anaongea naye mle, sijui. Kama ni dada yake kweli, au ni kitu kilichojifunza sauti yake kwa kukaa kwenye lile bati, sijui. Siku moja nilichungulia. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, ila kilikuwa kimedidimia, na usukani ulikuwa na alama za vidole kwenye vumbi.

Jana jioni walinizungumzia mimi.

"Na huyu je?" iliuliza ile sauti changa. "Nimchukue?"

Nitakwambia ukweli, nilikuwa naomba. Niliomba mke wangu aseme ndiyo. Nimechoka kuwekewa sahani na mtu asiyeniona. Niliona kama ni rehema inayopita karibu yangu, naweza hata kuigusa.

"Muache," mke wangu akajibu. "Mimi nataka aishi sana."

Leo asubuhi nimeamka, mgongo ulioniuma miaka kumi hauumi tena. Naona mbali bila miwani. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikalia.