Jani la Nane la Nyota

Kasha lilikuwa tupu, na bado lilinukia mafuta ya nazi. Haidar alilifungua mara mbili asubuhi ile, akaingiza kichwa, akapapasa pembe zote nne, asipate hata uzi. Akalifunga. Harufu ikambakia puani, mafuta ya nazi yaliyochanganywa na liwa, yale aliyokuwa akipakwa Laila kabla ya kusukwa kwenda chuo cha Kurani. Laila, bintiye wa pekee, alikuwa na mwaka na miezi minne kaburini. Homa ya siku tano ilimchukua akiwa na miaka sita.

Haidar wa Jadida alikuwa seremala, lakini watu wa Wete hawakumfuata kwa vitanda. Walimfuata kwa vya kale. Mpelekee mlango, mpelekee kiti cha babu yako, atakigonga, atakinusa, atapitisha ukucha kwenye maungio, kisha atakwambia mti gani, umetoka wapi, una miaka mingapi, na kama wazee wako walikudanganya. Wengi walirudi kwao wamenuna. Laila alikuwa akishinda naye kiwandani, na mchezo wao ulikuwa mmoja. Mtoto anagonga ubao mara tatu, anauliza: "Baba, huno mti wa wapi?" Baba anamrudishia swali, naye anakisia.

Kasha lilikuwa la mkewe, Mwanapili, urithi kutoka kwa bibi yake. Mbele lilitiwa njumu, nyota kubwa ya majani manane ya mfupa na gamba la chaza, yaliyochomekwa ndani ya mti hata ukipitisha kiganja huhisi mwanzo wala mwisho wake. Ukoo mzima uliapa limetoka Bara Hindi. Haidar hakuwahi kuulizwa, naye kwa heshima ya wakwe alinyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi kubwa.

Siku ya tatu ya harufu ile alirudi nyumbani mapema. Sala ya alasiri imekwisha, jua bado kali uani. Kasha likagongwa kutoka ndani, mara tatu. Kisha sauti ndogo ikauliza mti ule wa wapi.

Mwanapili hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Haidar kuliko sauti. Alikuwa amekaa mkekani mbele ya kasha, chanuo mkononi, akijibu kwa upole wa mama anayemsuka mtoto, na hapo Haidar akaelewa kwamba mkewe amekuwa akizungumza na kasha hili siku nyingi wakati yeye yuko kiwandani, ndiyo maana chakula hakimpiti, ndiyo maana amekonda mpaka bangili zinamvuka, ndiyo maana kila akimwita huitika kama mtu aliye chumba cha mbali, katika nyumba yenye vyumba viwili tu.

Akamleta Bi Mwanawema, mganga wa Konde, mama mzima wa maneno machache. Alifukiza ubani, akatega sikio, kisha akaeleza kwamba jini huitwa kwa kwao. Mbuki wa Madagaska ana mwito wake, Muarabu wake, Rubamba wa hapa Pemba wake. Ukikosea, hucheka na kukaa.

"Nambie kasha hili la wapi na la lini," alimwambia Haidar. "Na ufanye hima. Mkeo hafiki Shaaban."

Haidar akachukua kurunzi, akalala kifudifudi. Mti haukuwa msaji wa Bara Hindi. Ulikuwa mfenesi, manjano yake yamekolea mpaka yamekuwa hudhurungi. Misumari ilifuliwa kwa mkono, na ndani ya kifuniko msumeno wa watu wawili uliacha mikwaruzo isiyolingana. Gundi ya njumu ilikuwa ya ngozi, nyeusi, imekatikakatika. Kazi ya fundi wa Pemba, akasema, miaka mia na ishirini hivi. Basi ni Rubamba, mganga akajibu.

Kisha kurunzi ikafika jani la nane. Majani saba yalikuwa yamegeuka rangi ya samli. Hili lilikuwa jeupe, dogo kuliko nafasi yake, limezungukwa na gundi nyeupe ya chupa, ile ile ya kiwandani kwake. Ukingo wake ulikuwa umemeguka. Haidar aliujua ule mmeguko. Laila aliupata alipotafuna jiwe kwenye wali.

Jino la utoto hutupwa juu ya paa, na mtoto mwenyewe ndiye hulitupa. La Laila liling'oka Jumatatu, homa ikamshika Jumatatu hiyo hiyo, likabaki limefungwa katika pindo la kanga ya mama yake.

"Kulitupa peke yangu sikuweza," Mwanapili akasema, machozi yakimtiririka. "Nkaona nyota imedondosha jani, ina tundu, nkalitia hapo."

"Aliyemo alikuwamo zamani, na hakuwa na neno na mtu," Bi Mwanawema akasema. "Weye umempa jino. Sasa ana kinywa."

Akaagiza jino litolewe, na mama alirushe paani. Mwanapili akalikumbatia kasha. Akamsihi mumewe asimfukuze mtoto mara ya pili. Na Haidar, tuseme kweli, alitaka kumwachia. Moyo wake mwenyewe ulikuwa ukiyeyuka kwa sauti ile. Hivyo akafanya analolijua. Alipiga magoti, akaijaribu sauti kama anavyojaribu mti.

"Weye wasemaje?" akauliza. "Huno mti wa wapi?"

"Mfenesi," sauti ikajibu. "Wa Mtambile. Ulikatwa mwaka wa njaa."

Haidar akafumba macho. "Si yeye," akamwambia mkewe. "Laila hakupatia hata siku moja. Kila mti kwake ulikuwa wa Konde, kwa kuwa ndiko kwa bibi yake, na kwengine hakukujua."

Mikono ya Mwanapili ikalegea. Haidar akalichokoa jino kwa patasi ndogo, na ndani ya kasha kitu kikaanza kulia, kwanza kwa sauti ya mtoto, kikiita baba, baba, kisha kwa sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu, na Bi Mwanawema akaita kwa mwito wa Rubamba, akaita tena na tena, mpaka kifuniko kikajipiga mara moja na harufu ya mafuta ikakatika. Uani, Mwanapili akalirusha jino. Likagonga mabati, likabiringika kidogo, likatulia.

Mwanapili alianza kula. Bangili zikakaa mkononi. Haidar alichonga jani jipya la mfupa, akaliziba lile tundu.

Mwezi wa pili tangu siku ile, alasiri moja, alikuwa uani akipiga randa ubao wa mfenesi. Upweke ukamzidi. Akaugonga mara tatu kwa kidole, akauliza kwa sauti ya chini, kwa ujinga wa mtu aliyefiwa: "Mwanangu, huno mti wa wapi?"

Juu ya mabati kitu kidogo kikabiringika.

"Wa Konde," sauti ikasema.

Randa ikamtoka. Alikumbuka kwamba siri ya Konde aliitoa kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya kasha, na aliyekuwamo aliisikia. Au hakuwamo mwingine ila mtoto, aliyekuwa hatimaye amejifunza miti, na baba yake akamtoa kwa patasi kwa sababu amepatia. Haidar, aliyejua umri wa kila ubao Pemba, alikaa chini kwenye maranda, asijue ni nani aliyemjibu. Mwanapili alimwita ndani, akamwita tena. Haidar aliugonga ubao mara tatu.