Diski Iliyobisha Hodi

Haya yalimkuta rafiki yangu Shamsi, fundi kompyuta wa Kasulu, ambaye dukani kwake wateja huvua viatu mlangoni. Asmahani alimletea laptopu ya marehemu mumewe. Haiwaki, na picha zote zimo humo. Shamsi akaiwasha kwa flashi yenye mfumo wake wenyewe, akaanza kunakili diski nzima.

Umeme ukakatika. Laptopu ikaendelea kwa betri, na gizani diski ikagonga: ngo, ngo, ngo. Ikanyamaza, kisha ikagonga tena. Shamsi akanyoosha mkono aizime, diski isije ikafa kabisa.

“Usiizime, kaka yangu,” Asmahani akasihi. “Ukiizima nampoteza mara ya pili.”

Ilipogonga mara ya tatu, Shamsi akaitika kwa mazoea tu: “Karibu!”

Kugonga kukakoma. Pazia la mlangoni likachakarika.

Umeme uliporudi, kando ya kandambili zao palikuwa na jozi nyingine, imelowa udongo mwekundu, katikati ya kiangazi.