Kwa Nini Niache Kazi Mimi?

Kila asubuhi mshonaji alimwamsha mumewe kwa kumvuta kidole gumba cha mguu.

"Amka, baba. Vichwa vya watu vinakungoja."

Mumewe alikuwa kinyozi. Walicheka, wakanywa chai, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mshonaji alifanya kazi katika shirika la hisani. Shirika hilo lilitengeneza viti vya magurudumu na kuwapa watu bure. Yeye alishona mito ya kukalia, na aliipenda kazi hiyo. Mto ukishonwa vizuri, anayeukalia hapati vidonda.

Lakini kwa miezi miwili, vicheko vya asubuhi vilipungua. Siku moja ya mapumziko simu ya mshonaji ililia mezani. Aliusoma ujumbe, akaifunika simu.

"Mke wangu, kuna nini?" kinyozi aliuliza.

Akamweleza. Bwana ghala, aliyegawa vitambaa na sponji, alimshika kiuno kila alipoingia ghalani. Alimtumia ujumbe wa kumtaka. Mshonaji alimwambia hapana mara tatu. Sasa bwana ghala alikuwa anamnyima sponji.

Kinyozi aliruka kitini. "Nitamwonyesha cha mtema kuni!" Kisha akakaa. "Au acha kazi tu. Na wewe, mbona ulinyamaza? Labda ulimchekea."

Mshonaji alimkazia macho. "Neno hilo ndilo lililoninyamazisha. Na kwa nini niache kazi mimi, yeye abaki?"

Kinyozi alivaa viatu ili wakatafute ushauri. Wakaenda kwa jirani yao, mama aliyepokea malalamiko ya wagonjwa hospitalini. Mtaani walimwita Mama Kalamu, kwa kuwa hakutoka bila kalamu kichwani, imechomekwa kwenye nywele.

Mama Kalamu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kosa ni la anayeshika, si la anayeshikwa," alisema. Akamgeukia kinyozi. "Na wewe, weka ngumi mfukoni. Ukimpiga, kesi itakuwa yako, na yake itasahaulika. Mwenzio anataka umwamini."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mke wangu. Nilikosea."

"Ule ujumbe umeufuta?" Mama Kalamu aliuliza.

"Nilitaka. Sipendi hata kuuona."

"Usifute hata mmoja. Andika siku, saa, mahali, alichosema, na nani aliona. Je, pale kazini mnapeleka wapi malalamiko?"

"Kuna sanduku. Lakini ufunguo anao bwana ghala."

"Loo! Fisi kapewa bucha alinde!" Wote watatu walicheka, hata mshonaji. "Basi liache sanduku. Nenda kwa mkurugenzi. Asiposikia, nenda kwa bodi ya shirika. Na polisi wapo, wakati wowote."

Kesho yake kinyozi alimsindikiza mkewe kwa mkurugenzi. Aliahidi kufunga mdomo, na aliufunga.

Mkurugenzi alisoma maandishi yote, akashusha pumzi. "Amekuwa nasi miaka tisa. Wafadhili wakisikia haya…"

"Na wakisikia kwamba mlijua mkanyamaza?" mshonaji aliuliza.

Mkurugenzi aliyatia maandishi kwenye faili. "Umesema kweli. Asante kwa kuja."

Siku ileile bwana ghala alisimamishwa kazi ili uchunguzi ufanyike. Watu wawili kutoka nje ya shirika walimsikiliza yeye, mshonaji na wafanyakazi wengine. Wakampata mama mmoja aliyekuja kumwombea mwanawe kiti. Bwana ghala alikuwa amemwambia, "Kiti kipo, ila tuonane kwanza, mimi na wewe." Jina la mama huyo lilifichwa. Yeye mwenyewe alipokubali, ndipo habari zake zikapelekwa polisi.

Baada ya wiki tatu bwana ghala alifukuzwa. Shirika likachagua mwanamke na mwanamume wa kupokea malalamiko. Namba zao zilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na chini yake maneno haya: "Kiti ni bure. Mtu yeyote akikudai mwili wako, tuambie."

Yule mama alirudi, akapewa kiti cha mwanawe mbele ya watu. Mshonaji mwenyewe aliufunga mto.

Wiki hiyohiyo, mteja mmoja alikuwa ananyolewa. Akasema, "Wanawake wa siku hizi! Hata ukiwasifu, wanakushtaki."

Kinyozi alizima mashine. Upande mmoja wa kichwa cha mteja ulikuwa bado na nywele.

"Sifa humfurahisha anayesifiwa," alisema. "Mke wangu alisema hapana mara tatu. Wewe, kaka, ungehitaji ngapi?"

Mteja alijitazama kwenye kioo. "Moja inatosha," alijibu.

"Haya," kinyozi alisema, akawasha mashine. "Sasa tumalizie upande wa pili."