Sauti ya Shamba la Katikati

Jua lilikuwa bado halijatoka Rwamba alipopanda juu ya dungu. Dungu ni jukwaa la miti linalojengwa katikati ya shamba, refu kupita mawele yenyewe, ili mtu akae juu yake na kufukuza ndege. Rwamba aliweka kibuyu chake cha uji pembeni, akavuta sketi ifunike magoti, akaanza kutazama upande wa mto.

Mto huo ulikuwa Tana. Huko Mbeere, chini kabisa ya Embu, nchi ni kavu na ya joto, na watu wa kandokando ya mto hupanda mawele na pojo kwa sababu mahindi hayavumilii jua la huko. Duka la karibu lilikuwa mbali, na barabara ilikuwa njia ya mbuzi tu. Kwenda sokoni kulihitaji barua ya chifu.

Miezi michache kabla ya hapo Rwamba alikuwa mtoto wa Nairobi. Aliishi mtaa wa Ziwani na baba na mama. Aliamshwa na king'ora cha karakana ya reli, akachota maji bombani, akatumwa mkate dukani kwa Mhindi. Kisha Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ikachacha. Askari walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza vipande, yaani vitambulisho vya kazi, na watu wengi wa Embu, Meru na Wakikuyu wakaamriwa kurudi makwao. Baba yake, Kathuri, aliruhusiwa kubaki kwa kuwa tajiri wake alimwombea kibali. Mama yake, Ednah, alipakiwa kwenye lori pamoja na Rwamba, godoro na sufuria zao.

Nyanya alikuwa akiwasubiri njiani, amejifunika kanga kichwani.

"Karibu, somo wangu," alimwambia Rwamba. Alimwita somo kwa sababu yeye pia aliitwa Rwamba. Kwao mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba.

Siku za mwanzo Rwamba alilia kwa ajili ya joto, na miiba, na maji ya kuchimba mchangani. Baadaye akaacha kulia bila kujua aliacha lini. Alipenda kulala usiku kucha pasipo mtu kugonga mlango kwa buti. Alipenda pojo alizopika Nyanya, zilizopondwa pamoja na ndizi. Hata shule ya kule, ya udongo na paa la nyasi, aliipenda, kwa kuwa mwalimu alimsifu kwa hesabu.

Shule ilipofungwa mwezi wa Desemba, mawele yalikuwa yanatia maziwa. Wakati huo punje ni laini na tamu, na ndege wadogo wenye midomo myekundu hutoka kwenye matete ya mto kwa maelfu, kama moshi.

"Mwaka huu shamba langu lina mlinzi," Nyanya alisema kwa furaha. "Mimi na mama yako tutapalilia pojo kule juu. Wewe utalinda mawele. Hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima, na kile tutakachomtumia baba yako."

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mashamba yalifuatana kutoka mtoni hadi kilimani, na kila shamba lilikuwa na dungu na mtoto juu yake. La kwanza, karibu na mto, lilikuwa la mama yake Njura. La katikati lilikuwa la Nyanya. La tatu lilikuwa la akina Peninah, na baada yake kilima cha mawe na nyasi kavu. Ndege wakitua, Njura aliita kwa nguvu, "Huuuui! Pandaaa!" na kurusha udongo kwa kombeo. Ndege wakaruka, wakaja shamba la katikati. Hapo Rwamba alipaswa kuita kabla hawajatua, wapite kwa Peninah, naye awasukume mpaka kilimani. Mmoja akinyamaza, ndege hutua kwake, hula, kisha huwarudia wengine.

Na Rwamba hakuweza kuita.

Si kwamba alikuwa bubu. Lakini kule Ziwani, mama yake alikuwa akimwambia kila siku, "Punguza sauti, Rwamba. Hapa anayepiga kelele anaita askari." Siku moja alimwita rafiki yake kutoka upande wa pili wa njia, na mama akamziba mdomo kwa kiganja mpaka gari la askari likapita. Tangu siku hiyo Rwamba aliongea kama mtu aliye kanisani. Sasa kila alipotaka kuita, koo lilijifunga lenyewe.

"Wewe, wa Nairobi!" Njura alimpigia kelele siku ya kwanza. Alikuwa mvulana mwembamba, mkubwa wake kwa mwaka mmoja. "Unawafukuza ndege ama unawaandikia barua?"

"Nimewaambia waondoke," Rwamba akajibu.

"Umewaambia! Uliwaambia na tafadhali?"

Peninah akacheka huko kwake mpaka dungu likatikisika.

Rwamba alikasirika, akafikiri. Kesho yake aliokota mikebe mitupu nyuma ya nyumba, akaifunga kwenye kamba ya katani, akaitandaza toka dungu hadi mpakani. Akivuta kamba, mikebe inalia kengele-kengele na ndege wanatimka. Njura mwenyewe akakubali. "Hee! Kweli umesoma."

Jioni hiyo Nyanya alimuuliza, "Koo lako je, somo?"

"Limekauka kidogo, Nyanya."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lilitoka tu.

"Nilikusikia!" Nyanya akasema, uso umejaa tabasamu. "Sauti ilipanda mpaka kwenye pojo. Nikamwambia mama yako, sikia, hiyo ni sauti ya ukoo wetu."

Sauti ile ilikuwa ya Njura. Rwamba alijua. Lakini Nyanya alikuwa tayari ameinuka kuchukua kibuyu cha asali kilichoning'inia darini. Ni desturi ya pale kwamba mtoto anayelinda ndege hupewa asali kila jioni ili koo lake lilainike. Mwaka ule asali ilikuwa chache, kwa maana mizinga ilikuwa upande wa msitu na watu walikatazwa kufika huko. Nyanya alitia kijiti ndani, akakizungusha, akampa. Yeye mwenyewe alilamba kidole tu.

Asali ilikuwa tamu. Rwamba aliimeza polepole bila kumtazama mtu.

Siku zikaenda. Ndege si wajinga. Waliposikia mikebe ikilia na hakuna jiwe wala mtu, wakaizoea. Punde wakawa wanatua juu ya kamba yenyewe. Njura aliona mawele ya katikati yanaanza kudonolewa, na kila waliposhiba huko, ndege walirudi kwa mama yake. Basi akawa anaita kwao, kisha anashuka, anakimbia mpakani na kuita tena kwa niaba ya Rwamba. Na kila jioni Nyanya alimsifu Rwamba na kumpa kijiti cha asali.

Jumamosi alasiri Njura alikuja chini ya dungu lake. Alifungua mdomo, ikatoka sauti kama ya mlango mkavu.

"Imekwisha."

"Nini imekwisha?"

"Sauti. Imekwisha. Kesho utaita mwenyewe, na mimi uniitie."

"Nitavuta mikebe kwa nguvu zaidi," Rwamba akasema.

Njura akamtazama. "Ndege wako wanaicheza ngoma hiyo mikebe, we Rwamba. Hujaona?" Akageuka, akaenda zake akishika koo.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda kanisani mapema. Nyanya alibaki kupika, naye Rwamba akapanda dunguni. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mto. Ghafla matete yakatikisika, na wingu la ndege likainuka.

Walitua kwa akina Njura. Rwamba alimwona Njura juu ya dungu lake akirusha mikono, akipiga miguu, mdomo wazi, na hakuna kilichosikika. Alirusha udongo kwa kombeo. Ndege wachache wakaruka, wakatua tena hatua chache mbele. Kundi lingine likaja shamba la katikati. Rwamba alivuta kamba. Mikebe ikalia. Ndege mmoja aligeuza kichwa, akaendelea kula.

Mashuke yaliinama kwa uzito wa ndege. Alisikia midomo yao, tk-tk-tk-tk, kama mvua inayoanza. Pembe ya chini ya shamba ilianza kubadilika rangi mbele ya macho yake. Chakula cha mwaka mzima.

Akafungua mdomo. Akahisi kama kiganja cha mama bado kiko pale.

Kule chini Njura alikuwa ameshuka, anakimbia katikati ya mawele kama kichaa akipiga makofi. Alijikwaa, akaanguka, akainuka tena. Rwamba akaona kwamba Njura anakimbilia shamba la katikati, si la mama yake mwenyewe.

"Hui," Rwamba akasema. Ilikuwa sauti ndogo. Akasimama wima juu ya dungu, akashika nguzo. "Hui! Huuui! HUUUUUI! PANDAAAA!"

Ndege wote wakainuka kwa pamoja, mvumo mkubwa. Rwamba mwenyewe alishtuka. Aliita tena, na tena, hadi akaona machozi yanamtoka na hajui kwa nini. Ndege wakazunguka, wakataka kurudi mtoni, akawageukia na kuita upande ule pia. Peninah akadaka wito huo kwa sauti nyembamba kama filimbi, na wingu lote likapita juu yake, likaishia kilimani.

Hakuna askari aliyekuja. Aliyekuja alikuwa Nyanya, mbio mbio, mwiko mkononi.

"Nani anaita?" aliuliza akihema. "Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Nyanya."

"Wewe?" Nyanya akasimama chini ya ngazi. "Hiyo sauti sijawahi kuisikia. Basi ile ya siku zote ilikuwa ya nani?"

Ingekuwa rahisi kusema kwamba sauti hubadilika. Njura alikuwa amefika, ameegemea mguu wa dungu, hawezi kusema neno hata kama angetaka. Rwamba alimwangalia, akaangalia magoti yake yaliyochubuka. Akashuka.

"Ilikuwa ya Njura, Nyanya. Mimi nilikuwa navuta mikebe. Nilikuambia koo limekauka, na halikuwa limekauka. Asali yote niliyokula ilikuwa yake."

Nyanya aliushusha mwiko. Alitembea mpaka pembe ya chini, akashika shuke moja lililobaki ganda, akalinyonga katikati ya vidole. Akarudi.

"Pembe imekwenda," alisema. "Yaliyobaki yapo. Tutakula, na baba yako atapata. Haya, njooni nyote wawili."

Alipitia nyumbani kuchukua kibuyu cha asali, akampa Rwamba akibebe mwenyewe. Walimkuta mama Njura, aliyeitwa Nelius, anakamua mbuzi. Rwamba alieleza tena kila kitu, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Nelius alisikiliza hadi mwisho, kisha akaangua kicheko. "Na mimi nilidhani mwanangu anakuwa mwanamume! Nilishamwambia baba yake sauti imevunjika!"

Njura alitaka kujibu, ikatoka ile sauti ya mlango. Wote wakacheka, na yeye pia, akilamba asali hadi kidevuni.

"Kwa nini hukusema?" Rwamba alimnong'oneza.

Njura akainua mabega. "Ulikuwa mgeni," akakwaruza.

Ednah, mama yake Rwamba, aliporudi kutoka kanisani na kusikia habari, alikaa chini kizingitini.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilimfundisha kunyamaza."

"Hapana, mke wa mwanangu," Nyanya akajibu. "Ulimfundisha vizuri. Nairobi kunyamaza kulimweka salama, na asiyejua kunyamaza penye hatari hana akili." Akamgeukia Rwamba, akamshika kidevu. "Lakini sikiliza, somo. Kuna kunyamaza kwa kujilinda, na kuna kunyamaza ukimwacha mwenzako abebe mzigo wako, halafu sifa unachukua wewe. Huko kwa pili ni wizi, hata kama hujagusa kitu cha mtu. Kama koo lilikataa, ungeniambia. Ningepanda nawe dunguni, tukaita wote mpaka likubali. Kazi ngumu haimwaibishi mtu. Kinachomwaibisha ni kudanganya kwamba ameifanya."

"Nimesikia, Nyanya."

"Umesikia. Vema." Nyanya alitazama jua, lililokuwa linaanza kulegea upande wa mto. "Basi nenda ukapande. Njura atapumzika siku tatu, na mashamba yote mawili ni yako. Sisi tumeshasameheana, lakini ndege hawana habari."